Kamati Iliyoniita Mara ya Pili

Naandika haya nikiwa nimepona, kama kupona ni kuacha kwenda hospitali. Wewe unayesoma, kama uko kwenye benchi la wanawake wanaotafuta mtoto, sogea kidogo nikae. Sitakueleza habari za mirija na mayai, hayo waulize wenye makoti meupe. Nitakueleza yale ambayo hawayasemi, kwa mfano namna mtu anavyoweza kuzungukwa na watu wanaolijadili tumbo lake, na yeye mwenyewe yuko nje ya mlango. Mwisho wangu si wa shangwe. Nakuambia mapema usije ukasema nilikudanganya.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga. Niliolewa Mbeya na Asajile, Mnyakyusa, fundi wa magari kwenye ujenzi wa reli mpya. Kwetu walinicheka sana. Shangazi yangu aliniuliza kama vijana wa Iringa wameisha wote, mpaka nifuate ndizi huko kwenye mvua. Nilimjibu kwamba ndizi zinashiba. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni habari ya baba mkwe. Kwa watu wa mume wangu, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Si kwamba wanachukiana, la, ndiyo heshima yenyewe. Mzee akija, mimi natoka. Tukikutana njiani, naacha njia, najifunika kanga kichwani na kugeukia vichakani mpaka apite. Siwezi kukaa chumba kimoja naye, wala kuzungumza naye, wala kutaja jina lake. Naye alikuwa mtu wa adabu zake. Akifika kwetu kutoka Rungwe alianza kukohoa tangu mbali, kikohozi cha makusudi, ili nipate muda wa kuingia jikoni. Tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga na jiko la nje, kwa hiyo nilikuwa nakaa humo na moshi mpaka aondoke. Nilimjua mzee yule kwa kikohozi na viatu vyake, na sura yake mpaka leo naijua kwa picha tu.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyesema kitu. Wa pili mama mkwe alianza kunitazama kiunoni kabla ya kunisalimia. Wa tatu nikaanza hospitali.

Nilianza hospitali ya mjini, masika, nguo zangu zikiwa hazikauki. Walinipa vidonge. Vilinifanya nivimbe uso na miguu, na joto lilikuwa likinipanda ghafla, hata kwenye baridi ile ya Mbeya nilikuwa nafungua madirisha. Majirani wakadhani nimeshika mimba. Mmoja aliniletea ndizi mbivu na kunipongeza, nikazipokea kwa sababu sikujua nimwambie nini. Kiangazi wakanipulizia hewa kwa chini ili kuona kama njia ziko wazi. Maumivu yake yalikuja mpaka begani, na nilipolia muuguzi akaniambia nisijifanye mtoto wakati mtoto mwenyewe sina. Baridi ya Juni wakanisafisha kizazi. Nilirudi nyumbani na basi, nimekalia kanga iliyokunjwa mara nne, na Asajile alikuwa kazini.

Muda wote huo hakuna aliyempima mume wangu. Wala mimi sikufikiria. Mtoto hayupo, basi tumbo la mwanamke ndilo bovu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Mhehe na Mnyakyusa sawasawa.

Mwaka wa nne tulisikia habari za daktari mzungu katika hospitali moja ya misheni, mbele ya Makambako. Tulikwenda pamoja mvua zilipoanza. Kule watu walisubiri kwenye baraza ndefu yenye mabenchi ya mbao. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Kisukuma, ambaye jamaa zake walishuka na ng'ombe mpaka tambarare za Usangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota na changu cha mlimani, lakini aliponiona natetemeka alinimiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu chake, akanishikisha kikombe kwa mikono yake miwili. Hakuniuliza chochote. Katika miaka yote ile nakumbuka wachache walionipa kitu bila kuniuliza, na yeye ni wa kwanza.

Daktari alisoma karatasi zangu, akanigeukia.

"Na mume?"

"Mume yupo, daktari. Huyu hapa."

"Namwona. Amepimwa?"

Asajile alicheka, akidhani ni utani. Kesho yake hakucheka. Daktari alituita wote wawili, akafunga mlango, akasema mbegu za mume wangu hazina uhai hata kidogo. Alimwuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi. Asajile akasema ndiyo, shuleni bwenini, alivimba mashavu na kwingineko, hakwenda kwa mganga kwa sababu aliona aibu.

Nikwambie ukweli, jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Ilikuwa furaha mbaya. Nilikumbuka vile vidonge na ile hewa begani, nikataka kusimama juu ya meza nipige vigelegele. Kisha nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekunja kofia yake mikononi kama anayekamua nguo. Furaha ikaisha palepale.

Daktari alisema iko njia. Anaweza kuchukua mbegu za mwanamume mwingine na kuniwekea kwa bomba, bila mwanamume huyo kuniona wala kunijua. Yeye angemtafuta mtu mwenye afya, na jina lake lisingetajwa. Lakini wakuu wa hospitali walikuwa wamemwambia kwamba jambo la kumleta mtu duniani kwa njia hiyo haliamuliwi na daktari mmoja. Walikuwa wameunda kamati ya watu watano, nayo ndiyo ingesema ndiyo au hapana. Mwenyekiti wake alikuwa mchungaji mmoja wa Kibena. Mwingine alikuwa Mwalimu Tusekile, mama wa Kinyakyusa aliyefundisha shule ya msingi hapo jirani. Waliobaki nilikuja kuwajua baadaye kwa sura tu: matroni, bwana wa ustawi wa jamii, na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Mwislamu, aliyekuwa na duka mjini.

Nililia siku tatu, kisha nikakubali. Niliona ni kama kupewa damu ya mtu usiyemjua. Asajile naye alikubali, akiangalia sakafu. Tuliahidiana kwamba siri hii tutakufa nayo wawili.

Alimwambia baba yake wiki hiyohiyo.

Simlaumu sana kama zamani. Alikuwa na mzigo na hakuwa na mahali pa kuutua. Lakini mimi sikujua kwamba amesema. Nilijua tu kwamba siku ya kamati, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, nilisikia kikohozi ninachokijua kikipanda njia ya maua.

"Baba anafanya nini hapa?" nilimwuliza Asajile.

"Amekuja kutusindikiza."

"Umemwambia?"

"Yeye ni baba, Oliva. Nimwambie nani?"

Sikuwa na muda wa kugombana. Nilijifunika kanga, nikazunguka nyuma ya jengo hadi kwenye kamba za kuanikia mashuka. Huko ndiko nilikokaa wakati watu watano walipokuwa wanaongea habari za tumbo langu. Upepo ulikuwa unapiga, mashuka yananipiga usoni, na sauti nilizisikia bila maneno. Sijawahi kuwa peke yangu kama siku ile, hata nyumbani nikiwa nimefungiwa na mvua.

Mwalimu Tusekile alinisimulia baadaye yaliyosemwa ndani. Mchungaji aliuliza kama mke ameridhia. Baba mkwe akajibu kwa upole, "Mke wetu hana neno." Daktari akasema ni kweli, alinieleza nami nikakubali. Wale wengine walidhani sikuingia kwa kuwa sina la kuongeza. Mwalimu Tusekile yeye alijua kwa nini sikuingia. Aliona ni adabu nzuri ya mke wa Kinyakyusa, akapendezwa nami, akanyamaza.

Asajile alikuja kunitafuta kwenye mashuka. "Wamekubali," alisema. Alinishika mkono, jambo ambalo hakulifanya hadharani tangu tuoane, nami nikaona labda dunia ina huruma.

Nilipewa kipimajoto. Kila asubuhi kabla ya kuinuka nilikiweka chini ya ulimi na kuandika namba, ili daktari ajue siku zangu. Nilipanga kwa mama mmoja karibu na hospitali, kwa sababu Mbeya ni mbali. Ilikuwa majira ya ulanzi, pombe ya mianzi, wanaume wakipita njiani wakiimba tangu mchana, na mimi kitandani na kioo mdomoni. Asajile alikuja Jumapili mbili tu. Nilianza kuzungumza na tumbo langu. Nililiambia mgeni anakuja, lisiniaibishe.

Siku ilipofika niliamka mapema, nikaoga, nikaenda. Walinilaza, miguu juu, shuka magotini. Muuguzi alikuwa msichana mchangamfu, alitaka kunitoa hofu.

"Usiogope, mama. Ni dakika chache. Halafu una bahati, shemeji yako mtu mwema kweli. Kafika kabla yetu, katoka mbali na basi la jana."

"Shemeji gani?"

"Huyu mdogo wake bwana. Ambwene."

Ambwene alikuwa mdogo wa mume wangu. Alikuwa anakula kwetu kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa namfulia mashati. Alikuwa na tabia ya kunitazama kidogo zaidi ya inavyofaa, nami nilikuwa namwekea chakula na kutoka nje. Sikuwahi kumwambia mtu.

Nilibana miguu, nikakaa. "Naomba nguo zangu."

Daktari aliingia na trei mkononi. "Kuna nini?"

"Uliniambia mtu nisiyemjua."

Alishangaa kweli, si kwa kuigiza. "Siku ile ya kamati familia yenu ilipendekeza ndugu, ili damu ibaki ya ukoo. Kamati imekubali. Walisema na wewe umekubali."

"Kamati haijaniona, daktari. Hata sura yangu hawaijui."

Aliiweka trei mezani, akaifunika kwa kitambaa, akamwambia muuguzi anisaidie kushuka. Wengine wangenisihi, wangeniambia nimeshafika mbali. Yule mzungu alikuwa na makosa yake, lakini siku ile aliweka trei chini. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Nje Asajile alikuwa amesimama na Ambwene. Ambwene aliangalia pembeni. Nilimwuliza mume wangu kama alijua.

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya vitunguu. Nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga, nikalala na viatu.

Kamati iliitishwa tena wiki iliyofuata. Nilikuwa nimekonda, vile vidonge vya zamani vilikuwa vimeniachia uvimbe, sasa ulikuwa umeshuka wote na magauni yananining'inia. Nilifika nikakuta kikohozi kimenitangulia. Baba mkwe alikuwa tayari ndani ya chumba. Mimi nikaanza kuelekea kwenye mashuka, miguu ilikuwa imeshazoea.

Mwalimu Tusekile ndiye aliyetoka. Aliniona nikiondoka, nami niliona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Alirudi ndani. Nilimsikia akisema na mzee kwa Kinyakyusa, kwa heshima zote, sauti ya chini. Mzee alikohoa. Kisha akatoka kwa mlango wa upande wa pili na kwenda kukaa mbali, kwenye kivuli cha misindano, amenipa mgongo ili nipite bila aibu. Hata katika hasira ile nililiona hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mjukuu wa damu yake, na ng'ombe wake wa mahari walikuwa na historia ndefu kuliko mimi.

Mwalimu alinishika kiwiko tukaingia. Asajile naye aliambiwa asubiri nje.

"Mama Oliva," alisema mchungaji, "tulikosa. Tuliuliza watu wote habari zako isipokuwa wewe. Leo tunataka kusikia kutoka kwako. Unataka nini?"

Ndugu yangu, nilikuwa na majibu mengi kwa miaka mingi, na siku nilipoulizwa yalikauka. Bwana wa Kihindi akasukuma glasi ya maji kuelekea kwangu, nikanywa yote.

"Nataka mtoto," nilisema. "Lakini si wa shemeji. Nikizaa na shemeji nitamwona mezani kila mwezi akimtazama mtoto, akinitazama na mimi. Nitakuwa nimeolewa na watu wawili na hakuna aliyenilipia harusi ya pili."

Matroni alitabasamu. Mchungaji hakutabasamu. "Na mtu usiyemjua?"

"Huyo nilimkubali mwenyewe. Huyo nipeni."

Walinitoa nje tena, safari hii nikakaa kwenye benchi kama binadamu. Waliongea mpaka jua likahama kutoka miguuni kwangu. Niliporudi, mchungaji alisema Ambwene hapana, asitumike, na kuanzia siku hiyo mwanamke ataitwa kwanza na peke yake, kisha mume peke yake, na ndugu hawataingia. Nikasubiri.

"Na yule mwingine?" niliuliza.

"Mama, mtoto huyo akikua akauliza ametoka kwa nani, nani atamjibu? Daktari atakuwa amerudi kwao. Sisi tutakuwa tumekufa. Hatuwezi kumleta mtu ambaye hatuna jibu lake. Hapana."

"Nitamjibu mimi."

"Utamjibu nini?"

Mwalimu Tusekile alikuwa analia waziwazi. Alikuwa upande wangu, alinieleza baadaye, yeye na matroni, lakini walishindwa kwa kura moja.

Kwa hiyo walinisikiliza, na wakaninyima. Vyote viwili walivifanya siku moja, watu walewale, kwenye meza ileile. Niliwachukia kwa muda mrefu. Siku nyingine bado nawachukia, nikimsikia mtoto wa jirani akiita mama yake. Siku nyingine nawaza kwamba, bila kikao kile cha pili, wangeendelea kusema "mke wetu hana neno" mpaka nikazaa.

Mbeya nilirudi lakini ndoa ilikuwa imekwisha kabla yangu. Asajile hakuwaambia wenzake ukweli, na baba mkwe aliufunga mdomo wake kwa ajili ya mwanawe. Kilichosikika kwa ndugu ni kwamba mwanamke wa Iringa alipelekwa hospitali, akakataa kutibiwa. Mama mkwe aliacha kunisalimia. Kanisani walinisogelea wale wa maombi, wakanishika kichwa, wakakemea roho ya utasa, na mume wangu amekaa benchi la mbele anaitikia amina. Nilimsubiri azungumze. Nilimsubiri masika yote. Mahindi ya kwanza yalipokauka nilifunga nguo zangu na cherehani, nikapanda basi la Iringa. Shangazi hakunicheka. Alinipokea cherehani kichwani mwake, akatangulia njia.

Upweke wa nyumbani ni tofauti. Mbeya nilikuwa peke yangu kati ya watu wasionijua, Kalenga niko peke yangu kati ya watu wanaodhani wananijua. Wananiletea watoto wao niwashonee sare. Nawapima mabega, nawaambia wasimame wima. Usiku nalala vizuri siku hizi. Mwili umerudi, siku zangu zinakuja bila mtu kuziandika.

Kwako wewe wa kwenye benchi: mume apimwe kwanza, kabla hujapuliziwa hewa. Wakikuambia kuna kamati, ingia. Kama kuna mtu usiyeweza kukaa naye chumba kimoja, mwambie daktari, yeye hajui mila zako. Na uulize mbegu ni za nani ukiwa bado umevaa nguo. Usingoje kama mimi.

Asajile alioa tena, msichana wa kwao aitwaye Subilaga. Mwaka haukuisha akazaa mtoto wa kiume. Habari zilinifikia Kalenga mapema kuliko barua, na walionihurumia zamani wakanitazama upya: kumbe kweli ni yeye. Nilijua ninachojua.

Mwaka jana nilikwenda Mbeya kununua vitambaa, nikamkuta Subilaga nje ya duka, mtoto mgongoni. Alinitambua yeye kwa picha, akanitajia jina lake. Alinisalimia kwa kupiga goti, kama mdogo kwa mkubwa, nikamwinua. Mtoto aligeuza shingo kunitazama, na yalikuwa macho ya Ambwene, yale yanayotazama kidogo zaidi ya inavyofaa. Subilaga aliona nimeona.

Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao. Kisha akashusha sauti.

"Dada, ni kweli wewe kule hospitali walikuita ndani, wakakuuliza kama unataka?"

"Ni kweli. Waliniuliza."

Alikaza mbeleko, akaifunga upya ingawa haikuwa imelegea.

"Kwangu mimi walimtuma tu," alisema.